Hesabu Isiyofungwa: Namba na Ibada katika Mapokeo ya Kihindu

Katika Brihadaranyaka, ambayo ni mojawapo ya Upanishadi kongwe zaidi, yaani maandiko ya kale ya falsafa ya Kihindu, kuna mjadala ambao mimi huuanzia kila ninapotaka kueleza nafasi ya namba katika dini ya Kihindu. Mfalme Janaka wa Videha amewaalika wanazuoni kwenye ibada kubwa ya sadaka, na ametenga ng'ombe elfu moja, wenye dhahabu iliyofungwa kwenye pembe zao, wawe tuzo ya yule atakayewapita wenzake kwa elimu. Mmoja wao, Yajnavalkya, hangoji mashindano. Anamwamuru mwanafunzi wake awaswage ng'ombe wale kwenda nyumbani. Wanazuoni wanachukizwa, wanaanza kumhoji mmoja baada ya mwingine, na inapofika zamu ya Vidagdha Shakalya swali lake linakuwa la hesabu tupu: miungu ni mingapi?

Jibu la kwanza ni 303 na 3,003, kwa mujibu wa maneno ya sala inayoitaja miungu yote kwa pamoja. Shakalya anakubali, kisha anauliza tena: lakini hasa ni mingapi? Yajnavalkya anasema 33. Anaulizwa tena, anasema sita, anaulizwa tena, anasema mitatu, tena, miwili, tena, mmoja na nusu, na mwishowe anasema mmoja. Ndipo Shakalya anapotaka ufafanuzi, na Yajnavalkya anaanza kuipitia ngazi ile ile aliyoteremka. Ile mingi ya mwanzo, anasema, ni nguvu tu za ile 33. Nayo 33 ni Vasu wanane, Rudra kumi na mmoja na Aditya kumi na wawili, pamoja na Indra na Prajapati. Vasu ni moto, ardhi, upepo, anga ya kati, jua, mbingu, mwezi na nyota. Rudra ni pumzi kumi za mwili pamoja na nafsi iliyo ya kumi na moja. Aditya ni miezi kumi na miwili ya mwaka. Ile mitatu ni dunia tatu, miwili ni chakula na pumzi, mmoja na nusu ni upepo uvumao, na yule mmoja ni pumzi ya uhai, ambayo ndiyo Brahman, yaani ukweli mmoja ulio nyuma ya vyote.

Jambo linalonivuta katika mazungumzo haya ni kwamba hakuna jibu linalofuta jibu lililotangulia. Yajnavalkya hasemi kwamba wanaotaja miungu 3,003 wamepotoka, wala hasemi kwamba 33 ni ujinga wa watu wasiosoma. Kila namba ni kweli mahali pake, na mwenye kuuliza zaidi hupewa namba ndogo zaidi, hadi anapofikishwa kwenye mmoja. Lakini hata hapo mambo hayaishi. Mwisho wa mjadala Yajnavalkya anageuka na kumuuliza Shakalya juu ya yule ambaye hawezi kuelezwa kwa sifa yoyote ila kwa kukanusha, "si hivi, si hivi". Shakalya, aliyeuliza hesabu kwa ustadi mkubwa, anakosa jibu, na andiko linasema kichwa chake kilianguka.

Nimeyasoma maandiko haya kwa miaka mingi sasa, na nimefikia msimamo ambao ningependa kuueleza hapa kwa mifano. Wengi wanaoandika juu ya namba katika Uhindu huziorodhesha kana kwamba ni hirizi: tatu ina maana hii, saba ina maana ile, 108 ni takatifu, basi. Kwa maoni yangu orodha ya namna hiyo inapoteza kiini cha jambo. Namba katika mapokeo haya ni za kutumika, zinahesabiwa kwa vidole, kwa hatua, kwa pumzi, kwa matofali na kwa silabi. Na karibu kila hesabu kubwa imepangwa hivi kwamba inabakiza kitu kimoja nje yake, kitu ambacho hesabu inakielekea lakini hairuhusiwi kukifunga.

Tazama Rig Veda, mkusanyiko wa tenzi takatifu ambao ni kongwe kuliko Upanishadi zote. Katika utenzi wa 90 wa kitabu cha kumi anasifiwa Purusha, nafsi ya ulimwengu, mwenye vichwa elfu, macho elfu na miguu elfu. Anaifunika dunia pande zote, kisha anaizidi kwa upana wa vidole kumi. Viumbe vyote, utenzi unaendelea kusema, ni robo yake moja, na robo tatu ni za milele mbinguni. Msimulizi wa kawaida angetosheka na elfu, maana elfu yatosha kumaanisha wingi usio na idadi, ila mtunzi huyu wa kale aliona haja ya kuongeza vile vidole kumi vinavyopita mpaka wa dunia. Katika kitabu cha kwanza, utenzi wa 164, inasemwa vilevile kwamba usemi umegawanywa robo nne, kwamba robo tatu zimefichwa, na kwamba wanadamu huisema ile ya nne tu. Ubeti unaofuata ndio ule mashuhuri unaosema kwamba kilichopo ni kimoja, na wenye hekima hukiita kwa majina mengi.

Mpangilio huo wa sehemu zinazoonekana na ile isiyoonekana unarudi katika Mandukya, Upanishadi fupi kuliko zote zenye umaarufu, yenye vifungu 12 tu, na ambayo yote inahusu silabi Om. Sauti ya kwanza, a, inahusishwa na hali ya kuwa macho. Ya pili, u, na ndoto. Ya tatu, m, na usingizi mzito usio na ndoto. Kwa hesabu ya kawaida mambo yamekwisha, kwa kuwa Om ina sauti tatu na mtu anazijua hali hizo tatu. Andiko linaitaja ya nne, isiyo na kipimo wala sehemu, ambayo haina herufi ya kuiwakilisha. Msomaji asikilize Om ikiimbwa polepole na mtu aliyefunzwa: baada ya m huja kimya, na kimya hicho kimehesabiwa pia.

Baada ya kuliona hilo ndipo namba tatu inapoeleweka kwa upana wake. Watatu ni Brahma anayeumba, Vishnu anayehifadhi na Shiva anayevunja. Tatu ni guna, zile tabia za maumbile ziitwazo sattva, rajas na tamas. Matatu ni macho ya Shiva na meno ya mkuki wake, na jani la mti wa bilva analotolewa limegawanyika sehemu tatu. Neno shanti, yaani amani, husemwa mara tatu mwishoni mwa sala, moja kwa ajili ya taabu zinazotoka ndani ya nafsi, moja kwa zinazoletwa na viumbe wengine, na moja kwa zile za nguvu za mbinguni ambazo hakuna mtu anayezitawala. Nne nayo ina wafuasi wake: Veda nne, hatua nne za maisha, malengo manne ya binadamu. Katika malengo hayo, matatu ni wajibu, mali na matamanio, yote ya dunia hii, na la nne ni moksha, kutoka katika duara zima la kuzaliwa na kufa. Kwa mara nyingine tatu zinasimama pamoja na ya nne iko upande wa pili.

Tano ni namba ya mwili na maumbile: ardhi, maji, moto, hewa na anga. Kusini mwa India kuna mahekalu matano ya Shiva yaliyowekwa kila moja kwa elementi moja, nayo yako Kanchipuram, Thiruvanaikaval, Tiruvannamalai, Srikalahasti na Chidambaram. Hekalu la mwisho, la anga, lina mahali patakatifu palipofunikwa kwa pazia, na pazia likifunguliwa mwabudu haoneshwi sanamu. Anaoneshwa nafasi tupu iliyopambwa kwa nyuzi za majani ya dhahabu.

Saba inanilazimu nikae kidogo, kwa sababu ni namba yenye nguvu hata mbele ya mahakama. Katika harusi ya Kihindu bwana na bibi harusi hupiga hatua saba pamoja mbele ya moto mtakatifu, na desturi hii huitwa saptapadi. Katika mwongozo wa kale wa ibada za nyumbani unaohusishwa na Ashvalayana kila hatua ina nia yake: ya kwanza ni kwa ajili ya chakula, ya pili nguvu, ya tatu ustawi wa mali, ya nne raha, ya tano watoto, ya sita majira ya mwaka, na kwenye ya saba bwana humwambia mkewe awe rafiki yake. Nimeyatafakari mara nyingi mambo hayo saba. Sita za mwanzo zinaombwa kwa ajili ya nyumba, na zote zinaweza kupimwa, kuongezeka au kupungua; ya saba ni urafiki. Sheria ya Ndoa ya Wahindu ya mwaka 1955, katika kifungu chake cha saba, inasema kwamba ikiwa ibada za wanaofunga ndoa zina saptapadi ndani yake, ndoa inakamilika na kuwafunga pale hatua ya saba inapopigwa. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya India ilisisitiza kwamba cheti cha usajili peke yake hakiifanyi kuwa ndoa ya Kihindu ikiwa sherehe yenyewe haikufanyika. Kwa hiyo watu wawili waliopiga hatua sita, mbele ya moto huo huo na mashahidi hao hao, kwa desturi hiyo bado hawajaoana.

Namba ambayo watu wengi huihusisha na Uhindu, hata wasipojua jambo jingine, ni 108. Tasbihi ya Kihindu, iitwayo mala, ina shanga 108, na mwenye kuvuta uradi hutaja jina la Mungu au mantra yake, yaani maneno matakatifu ya sala, kwenye kila ushanga, akizisogeza kwa kidole gumba na cha kati, huku kidole cha shahada kikiachwa kando. Muktika, nayo ni Upanishadi, inaorodhesha Upanishadi 108, orodha ambayo Rama, mungu aliyezaliwa kama mfalme, anampa mfuasi wake Hanuman. Mikao ya ngoma iliyoelezwa katika Natya Shastra, kitabu cha kale cha ngoma na maigizo, ni 108, na imechongwa kwenye malango ya hekalu la Chidambaram. Mahekalu ya Vishnu yaliyosifiwa na Alvar, wale washairi kumi na wawili wa Kitamil, ni 108 pia.

Sababu zinazotolewa ni nyingi. Manazili ya mwezi, yaani vituo vyake angani, ni 27, na kila moja ina robo nne, jumla 108. Buruji ni 12 na sayari za mapokeo ni tisa, na zao lake ni 108. Siku hizi inapendwa sana hoja ya umbali: wastani wa umbali kati ya dunia na jua ni takribani mara 107.5 ya kipenyo cha jua, na ule wa mwezi ni kama mara 110 ya kipenyo cha mwezi. Hoja hiyo ni nzuri kuisikia, lakini sioni sababu ya kuifanya kuwa chanzo cha desturi, kwa kuwa manazili na robo zake zimeandikwa wazi katika elimu ya falaki ya kale na zinatosha kabisa. Mtu anayevuta shanga 108 anapita katika kila robo ya njia ya mwezi angani. Vidole vyake vinazunguka mbingu yote huku yeye ameketi.

Kuna hesabu nyingine inayofungamana na hiyo, nayo ni ya pumzi. Hamsa Upanishad inasema kwamba mtu hupumua mara 21,600 kwa usiku na mchana, ambayo ni pumzi 15 kwa dakika, na kwamba katika kila pumzi viumbe wote husali pasipo kujua, hewa ikiingia na kutoka kwa sauti mbili za neno hamsa. Namba 21,600 ni 108 mara 200. Kwa hiyo mala moja si idadi iliyookotwa. Ni sehemu kamili ya siku ya mtu anayeishi, na yule anayeivuta anachukua sala ambayo mwili wake unaisema siku zote na kuisema kwa makusudi.

Hata hivyo mala ina shanga 109. Ule wa ziada, mkubwa kuliko wenzake, unaitwa meru, kwa jina la mlima ambao katika simulizi za Kihindu ndio mhimili wa ulimwengu. Hauhesabiwi na wala hauvukwi: kidole kikiufikia, mwenye kusali huigeuza tasbihi na kurudi alikotoka. Nimewasikia watu wakilieleza jambo hili kama kanuni ya adabu tu, na bila shaka ni adabu, lakini mimi naliona kuwa ndilo fundisho lote la tasbihi. Shanga 108 zinahesabiwa ili ufikishwe kwenye ule mmoja usiohesabiwa, na ukishaufikia huruhusiwi kuuongeza kwenye idadi yako kana kwamba umeupata.

Yale mahekalu 108 ya Vishnu yamepangwa kwa hekima hiyo hiyo. Mtu mwenye afya na nauli anaweza kuyazuru 106: 105 yako India, na moja ni Muktinath, kwenye milima ya Nepal. Mawili yaliyobaki hayapo duniani. Moja ni bahari ya maziwa ambamo Vishnu hulala juu ya nyoka Shesha, na la pili ni Vaikuntha, makao yake ya milele, ambayo waumini hutumaini kuyafikia baada ya kifo. Washairi waliyaimba yote kwa usawa, bila kuyatenga katika orodha nyingine, na kwa hiyo hakuna hujaji aliye hai ambaye amewahi kumaliza ziara hiyo.

Namba za wakati ni kubwa mno, na wengi wanaoziona kwa mara ya kwanza hudhani ni chumvi ya wasimulizi. Kali Yuga, zama tunazoishi kwa hesabu hiyo, ina miaka 432,000. Dvapara iliyotangulia ilikuwa na mara mbili yake, 864,000. Treta mara tatu, 1,296,000. Na Krita, zama za ukweli, mara nne, 1,728,000. Zote nne pamoja ni miaka 4,320,000, na mizunguko elfu moja ya namna hiyo ni mchana mmoja wa Brahma, yaani miaka 4,320,000,000, na usiku wake ni mrefu vilevile. Bhagavad Gita inalitaja jambo hilo katika sura ya nane: wanaojua kwamba mchana wa Brahma ni yuga elfu moja, na usiku wake elfu moja, hao ndio wanaojua mchana na usiku.

Namba 432,000 ilikuwa na heshima yake tangu kale. Katika Shatapatha Brahmana, ambayo inaeleza ibada za Veda kwa undani, silabi za beti za Rig Veda zinahesabiwa kuwa 432,000, kwa kugawanywa katika beti 12,000 zenye mizani 36 kila mmoja, au beti 10,800 zenye mizani 40. Andiko hilo linaendelea kusema kwamba mwaka wa siku 360, wenye vipindi 30 kila siku, una vipindi 10,800, na madhabahu ya moto katika ibada iitwayo Agnicayana inawekewa matofali 10,800 kwa mfano wa vipindi hivyo. Fikiri juu ya makuhani wanaoyapanga matofali hayo kwa mkono, kila tofali likisimama badala ya kipindi kimoja cha mwaka, na wimbo mtakatifu ukiwa na urefu unaolingana na mwaka huo. Anayejenga anaukusanya upya wakati uliotawanyika. (Mizani, kwa bahati nzuri, ni dhana ambayo msomaji wa tenzi anaifahamu vizuri. Mantra ya Gayatri, ambayo imo katika kitabu cha tatu cha Rig Veda, ina vipande vitatu vya mizani minane minane, jumla 24, na mwenye sikio la utenzi atausikia urari wake hata asipoelewa neno.)

Ukubwa huu wa namba ungeweza kumfanya mtu ajione si kitu, na wapo wanaousoma hivyo. Mimi nauona katika desturi iitwayo sankalpa, tamko la nia ambalo husemwa kabla ya ibada, hata ndogo ya nyumbani. Mwenye kuabudu hutangaza kwamba yumo katika nusu ya pili ya maisha ya Brahma, katika kalpa (yaani mchana mmoja wa Brahma) ya nguruwe mweupe, katika kipindi cha Manu Vaivasvata, baba wa wanadamu wa sasa, katika Kali Yuga ya 28, robo yake ya kwanza, katika bara la Jambudvipa, nchi ya Bharata; kisha anashuka hadi mwaka, msimu, mwezi, siku ya mwezi mwandamo, na mwishowe analitaja jina lake na ukoo wake. Mabilioni ya miaka yanateremka hatua kwa hatua mpaka yanamfikia mtu mmoja aliyeshika maji kiganjani. Hata mwanahesabu Aryabhata alijieleza kwa mtindo huo, akiandika kwamba ilipotimia miaka 60 mara 60 ya zama hizi, yeye alikuwa na miaka 23 tangu kuzaliwa. Kwa kalenda ya leo, huo ni mwaka 499.

Katika Mahabharata, utenzi mrefu wa vita kati ya binamu wa Kaurava na Pandava, namba inayotawala ni 18. Utenzi wenyewe una vitabu 18, Gita iliyomo ndani yake ina sura 18, vita vya Kurukshetra vilipiganwa siku 18, na majeshi yaliyokutana pale yalikuwa 18, kumi na moja ya Kaurava na saba ya Pandava. Kila jeshi, au akshauhini, lina magari ya vita 21,870, tembo 21,870, farasi 65,610 na askari wa miguu 109,350. Jumlisha tarakimu za kila mojawapo ya idadi hizo na utapata 18 bila kukosa. Sababu yake inaonekana katika ujenzi wa jeshi, ambalo huanza na kikosi kidogo cha gari moja, tembo mmoja, farasi watatu na askari watano, kisha huzidishwa kwa tatu mara saba, na mwisho kwa kumi. Hizo ni idadi za maangamizi, na utenzi hauzifichi: kati ya majeshi yote 18 waliosalia mwishoni ni watu kumi, saba upande wa Pandava na watatu upande wa Kaurava. Wengine huitaja 18 kama namba ya baraka. Mimi siwezi kuitenga na uwanja ule.

Namba nyingine zinafuata mbingu, na mbingu ikisogea zinasogea nazo. Kumbh Mela inajulikana kuwa mkusanyiko wa mahujaji wa kila miaka 12, unaofanyika kwa zamu Prayagraj, Haridwar, Ujjain na Nashik, na ule wa Prayagraj wa mwaka 2025 ulianza 13 Januari hadi 26 Februari. Kumi na mbili inatokana na sayari ya Mshtarii, ambayo hulizunguka jua kwa miaka ipatayo 11.86. Pengo hilo dogo hujilimbikiza, na ndiyo maana Kumbh ya Haridwar iliyofuata ile ya 2010 ilifanyika 2021, baada ya miaka kumi na moja. Waliopanga walikubali kuiacha namba ili waishike sayari. Nao wanaoiogopa 13 wajue kwamba hofu hiyo haina mizizi katika kalenda ya Kihindu, ambamo siku ya 13 ya kila nusu ya mwezi ni ya Shiva, na Dhanteras, siku ya kuifungua Diwali, sikukuu ya taa, huangukia siku ya 13 pia.

Nimeiacha sifuri hadi sasa kwa kuwa ndani yake hesabu na ibada zimegusana kwa ukaribu kuliko mahali pengine popote. Katika ngome ya Gwalior kuna hekalu dogo la Vishnu lililochongwa kwenye mwamba, na ukutani kuna maandishi ya mwaka 876 yanayoeleza zawadi ya ardhi kwa ajili ya bustani ya maua yenye urefu wa hasta (dhiraa) 270 na upana wa 187, ambayo ingetoa mataji 50 ya maua kila siku kwa ajili ya hekalu. Sifuri za 270 na 50 zinaonekana pale, duara ndogo, na ni miongoni mwa za kale zaidi ambazo tarehe yake inajulikana kwa hakika. Zaidi ya karne mbili kabla ya hapo, mwaka 628, mwanahesabu Brahmagupta alikuwa ameshaandika kanuni za kujumlisha, kutoa na kuzidisha kwa sifuri.

Ila aliyeisema dini yake kwa lugha ya hesabu ni mwanahesabu Bhaskara wa karne ya 12. Katika Bijaganita, kitabu chake cha aljebra, anaeleza kiasi kinachopatikana namba inapogawanywa kwa sifuri, na anasema kwamba kiasi hicho hakibadiliki hata vitu vingi vikiongezwa au vikitolewa, kama vile yule asiye na mwisho na asiyebadilika habadiliki wakati ulimwengu unapoumbwa wala unaporudishwa ndani yake. Mwanahesabu wa leo ana masharti yake juu ya kugawanya kwa sifuri, na ana haki nayo. Lakini sala ambayo huifungua Isha Upanishad ilikuwa imesema jambo hilo hilo kale sana kabla ya Bhaskara: kile ni kamili, hiki ni kamili, ukitoa kamili katika kamili, kinachobaki ni kamili.

Wasomaji huniuliza mara kwa mara namba yao ya bahati kwa desturi ya Kihindu ni ipi, na wengine wameshajumlisha tarakimu za tarehe yao ya kuzaliwa na wanataka tafsiri tu. Huwa nawajibu kwa upole kwamba tarehe hizo ni za kalenda ya Gregori, iliyotangazwa mwaka 1582, ilhali mapokeo haya huipima siku ya kuzaliwa kwa siku ya mwezi mwandamo na kwa manzili aliyokuwamo mwezi, kwa hiyo tarakimu wanazojumlisha hazina uhusiano na yale wanayotaka kuyajua. Anayetaka namba ya kuishi nayo akaangalie jinsi zawadi zinavyotolewa kwenye harusi nchini India. Kwa desturi watu hawaweki rupia 100 au 500 kamili katika bahasha. Huwekwa 101 au 501, kwa kuwa idadi inayoishia kwa sifuri inaonekana kufungwa, na rupia moja ya ziada inaacha nafasi ya kuendelea. Bahasha za zawadi huuzwa madukani zikiwa zimekwisha kubandikwa sarafu ya rupia moja, ili mtoaji ajaze kiasi anachokimudu na ile moja iwe imo tayari.